Bwana Eccles wa Utah na deni la nyumba la miaka 20

Kwetu Katanga kila mutu anajua namna nyumba inajengwa. Mwaka huu matofali, mwaka kesho mabati, mulango na madirisha vinangojea pansio. Ao unalala katika nyumba ya kompanyi, na siku kazi inaisha, nyumba nayo inaisha. Kule Marekani mutu wa kazi anapita njia ingine: anaingia leo katika nyumba yenye kwisha kujengwa, kiisha analipa kila mwezi, miaka 30. Watu wengi wanawaza kama ni utajiri wa inchi tu ndio unaleta ile. Hapana. Mbele ya mwaka 1934, hata kule Marekani banki hazikukuwa zinakopesha vile. Kuna watu walikaa chini wakaandika ile njia, na mumoja wao alikuwa mutu wa banki mwenye alitoka katika jimbo la mukuba kama letu. Jina lake Marriner Eccles.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 katika muji wa Logan, jimbo la Utah. Utah ni milima, chumvi na mukuba. Shimo lake kubwa la Bingham Canyon lilianza kuchimbwa wazi mwaka 1906, mwaka ule ule Union Minière ilizaliwa huku kwetu. Lakini jamaa ya Eccles haikuanza na mukuba. Ilianza na mbao.

Baba yake, David Eccles, alitoka Uskoti mwaka 1863, mutoto wa jamaa masikini kabisa. Baba ya David alikuwa karibu kipofu. Alichonga vyombo vya mbao, na David akatembea na vile vyombo nyumba kwa nyumba akiuzisha. Safari yao ya kuvuka bahari ililipwa na feza ya mukopo kutoka kwa kanisa la Wamormoni. Labda ni ile ndiyo ilimufanya David achukie madeni maisha yake yote. Alijenga viwanda vya mbao, vya sukari, reli na mabanki, akakuwa mumoja wa matajiri wakubwa wa Utah, na siku zote aliwafundisha watoto wake kama mutu mwenye deni haiko huru. Watoto walikuwa 21, kwa wanawake wawili, sawa desturi ya Wamormoni wa wakati ule. Marriner alikuwa wa kwanza kwa mama wa pili.

Utajiri wa baba haukumupatia mutoto usingizi wa bure. Angali kijana mudogo alitumwa kwenye kiwanda cha masanduku, kwa senti 5 kila saa. Alichunga ile feza mpaka ikafika dola 100, akanunua nayo fungu moja katika kompanyi ya mbao ya baba yake. Masomo yake yaliisha 1909, bila universite. Akaenda Uskoti kuhubiri kwa ajili ya kanisa, akakutana kule na bibi yake wa kwanza. Alipokwisha kurudi, mwezi wa 12 mwaka 1912, baba akafa gafula bila kuacha barua ya uriti. Marriner alikuwa na miaka 22. Akakamata mali ya mama yake na ya wadogo zake, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakaunganisha mabanki mengi ya Utah na majimbo ya karibu chini ya jina moja, First Security Corporation.

Mwaka uliofuata, soko la mafungu la New York likaanguka. Kazi zikafungwa, bei ya mukuba ikaanguka pamoja na bei ya ngano na ya ngombe, na watu wakaanza kukimbilia mabanki kutosha feza zao. Wazee wa kwetu wanajua vile krizi ya miaka ile ilifika mpaka Elisabethville, na namna Union Minière ilirudisha wafanyakazi wengi kwao.

Tubakie kidogo juu ya siku moja ya mwaka 1931 katika muji wa Ogden, kwa sababu mutu yule anaonekana muzima katika siku ile. Eccles alijua kama banki ingine ya ule muji haitafungua milango asubui. Akaita wafanyakazi wake mapema sana. Akawaambia kama mustari mukubwa utakuja, na kama wao watalipa kila mutu, lakini polepole. Walipe kwa manoti madogo madogo. Waangalie sinyatiri ya kila mutu, hata kama ni jirani yao. Na wacheke na watu, wasionyeshe woga. Mustari ukajaa mpaka inje. Saa zikapita, mustari haupunguke. Halafu motokari ya feza ikafika kutoka kwa banki kubwa ya serikali kule Salt Lake City, na Eccles akapanda juu ya kontuari, akatangaza kama feza imefika na kama kule imetoka kuna ingine mingi. Ile ilikuwa kweli. Hakusema tu kama feza ya kule haikukuwa yake. Saa ya kufunga ikafika, hakufunga. Kesho yake akageuza amri: sasa walipe mbio mbio, mutu asisimame mara mbili kwenye gishe, ili mustari usipate nafasi ya kuzaliwa. Banki ikapona.

Sisi tunaona akili ya pale ni kubwa, lakini kitu kikubwa zaidi ni kile alifikiri kiisha. Aliona kama banki yake ilipona kwa sababu ilikuwa inakaza watu: ilikataa kukopesha, ilikamata mashamba na nyumba za wale walishindwa kulipa. Kila banki ya inchi ilifanya vile vile. Na kadiri kila moja ilijiokoa, watu walikosa feza zaidi, bei zikaanguka zaidi, na wenye kushindwa kulipa wakaongezeka. Mutoto wa mutu mwenye kuchukia deni akafikia mawazo yenye baba yake hangeyakubali: wakati watu wote wanaogopa, serikali ndiyo inapaswa kukopa na kutumia. Mwezi wa 2 mwaka 1933 akaenda kueleza ile mbele ya maseneta kule Washington. Alikuwa wa chama cha Republican, alisema mambo yenye hata Wademocrat wengi waliogopa. Mwaka 1934 prezida Roosevelt akamuleta katika wizara ya feza, na kule akakuta kazi ya nyumba.

Wakati ule mutu mwenye kununua nyumba kule Marekani alifanya hivi. Banki ilimukopesha karibu nusu ya bei, kwa miaka 3 ao 5. Katika ile miaka alilipa riba tu, ni kusema ile feza ya juu yenye banki inaomba. Deni lenyewe lilibakia nzima. Siku ya mwisho, alipe yote mara moja, ao aombe banki imuandikie mukopo mupya. Na kwa sababu nusu ya bei haikutosha, wengi walikopa mara ya pili kwa mutu mwingine, kwa riba ya kuuma. Feza ilipokuwa inatembea, banki iliandika mukopo mupya na mambo yakaendelea. Krizi ilipofika, banki ikasema hapana, na mutu akafukuzwa katika nyumba yake hata kama hakukosa kulipa riba hata mwezi moja. Mwaka 1933 nyumba karibu 1.000 zilikuwa zinakamatwa kila siku. Na mafundi wa kujenga nao walikaa bila kazi, kwa sababu hakuna mwenye kujenga.

Eccles na wenzake, kati yao mutu wa uchumi Winfield Riefler, wakaandika sheria. Roosevelt akaweka sinyatiri tarehe 27 Juni 1934, na ofisi mupya ikazaliwa, yenye watu wanaita FHA mpaka leo. Watu wengi wanaielewa vibaya, na ndiyo maana tunaeleza polepole.

FHA haikopeshe mutu hata franka moja. Banki ndiyo inakopesha. FHA inatoa bima, ao sawa tunasema huku, asiransi. Na ile asiransi haiko ya mwenye nyumba. Ni ya banki. Mwenye nyumba akishindwa kulipa, anapoteza nyumba sawa zamani. Lakini banki inalipwa na mufuko wa asiransi. Sasa ile mufuko inajazwa na nani? Na wenye kukopa wenyewe. Kila mumoja analipa nusu ya asilimia moja kwa mwaka juu ya riba. Wengi wanalipa kidogo, wachache wanaanguka, na mufuko unabeba hasara ya wale wachache. Serikali inasimama nyuma yake. Kwa kuwa woga wa banki ulipunguka, serikali iliweza kuilazimisha ikubali masharti mapya: mukopo mpaka 80 kwa mia ya bei ya nyumba, usipite dola 16.000, miaka 20, na riba isipite 5 kwa mia, ao 6 mahali pengine. Na deni lipunguke kila mwezi mpaka liishe lenyewe.

Tupige hesabu ya nyumba ya dola 4.000. Zamani banki ilitoa 2.000 kwa 6 kwa mia: mutu analipa 120 kwa mwaka, na kiisha miaka 5 deni ni 2.000 sawa siku ya kwanza. Kwa sheria mupya banki inatoa 3.200. Kwa riba ya 5 kwa mia, mutu analipa dola 21 na kidogo kila mwezi, na asiransi haifike dola moja na nusu. Mwezi wa kwanza, ndani ya ile 21, dola 13 na senti 33 ni riba, na karibu 8 inapunguza deni. Mwezi wa pili riba inashuka senti tatu. Inaonekana ni kitu bure, lakini kiisha miezi 240 karatasi inapasuliwa, na nyumba ni yako, kazi iwepo ao isiwepo.

Masharti hayakukuwa ya feza tu. Mutu wa FHA alikuja kupima nyumba: fondasio, maji, mataa, paa. Nyumba mbaya haikupata asiransi, na wajengaji wakajifunza kujenga vizuri ili wauzishe. Vyama vya kukopesha vya zamani vilipigana na ile sheria, sababu iliwaletea mushindani. Walishindwa. Mwaka 1938 bunge likapanua mulango: kwa nyumba mupya ya bei ndogo, mukopo mpaka 90 kwa mia na miaka 25. Mwaka 1948 ikafika miaka 30.

Lakini ule mulango haukufunguliwa kwa wote. Kitabu cha masharti cha FHA kiliwaambia wapimaji kama mutaa wenye watu weusi wanaingia ni mutaa wa hatari, na kikasifu mikataba yenye ilikataza kuuzishia mweusi nyumba. Kwa hiyo mutu mweusi mwenye kazi nzuri, mwenye kulipa madeni yake vizuri, alikataliwa si juu ya mushahara lakini juu ya ngozi, na mutaa wake mzima ukakosa feza ya kujenga. Ile iliendelea miaka karibu 30. Kennedy alitoa amri ya kuikataza mwaka 1962, sheria kamili ikaja 1968. Eccles hakuandika kile kitabu. Lakini mutu hawezi kusimulia ile sheria kama baraka tupu: wakati weupe walikuwa wanapata lupango na uriti wa kuachia watoto, weusi walibakia kulipa kodi ya nyumba za wengine, na tofauti ile inaonekana mpaka leo.

Mwezi wa 11 mwaka 1934 Roosevelt akamuweka Eccles mukubwa wa banki kuu ya inchi. Alibakia pale mpaka 1948, mutu mufupi, mukali, mwenye kuvuta maneno bila kuogopa mutu. Mwaka 1944 alikuwa katika kundi la Marekani kule Bretton Woods, mahali Banki ya Dunia na FMI zilizaliwa.

Ni hapo maisha yake yanapinduka. Wakati wa vita serikali ilihitaji kukopa mamilioni na mamilioni, na banki kuu ikakubali kushikilia riba ya deni la serikali la muda murefu isipite 2,5 kwa mia. Riba zingine zote zikabakia chini pamoja nayo. Mwaka 1950 riba ya juu yenye FHA iliruhusu ilikuwa 4,25. Mwenye kujenga nyumba alifurahi. Lakini ili kushikilia riba vile, banki kuu ilipaswa kununua kila hati ya deni yenye mutu alileta kuuzisha, na kila mara ilinunua, feza mupya iliingia katika inchi. Vita ikiisha, na zaidi vita ya Korea ikianza, bei zikaruka. Eccles aliona kama mutu wa mushahara anapewa mukopo wa rahisi kwa mukono moja na anaibiwa kwa mukono mwingine, dukani. Akataka riba iachwe ipande.

Prezida Truman hakutaka. Kwanza, 1948, alimutosha Eccles ukubwa, akamuacha memba tu. Kiisha tarehe 31 Januari 1951 aliita kamati yote ya banki kuu kwake. Wale wakubwa walitoka bila kuahidi kitu. Kesho yake, ofisi ya prezida ikatangaza kama wamekubali kushikilia riba. Memba wengi walinyamaza. Ni vigumu kumuambia prezida kama amesema uongo. Eccles alikuwa na karatasi yenye kuonyesha mambo yenye yalisemwa katika ule mukutano. Bila kuomba ruhusa, akaipatia magazeti. Inchi nzima ikasoma. Mwezi moja kiisha, tarehe 4 Machi 1951, wizara ya feza na banki kuu zikatangaza mapatano: banki kuu haitalazimishwa tena kushikilia riba ya serikali. Mwaka ule ule, mwezi wa 7, Eccles akaacha kazi.

Riba zikapanda. Na wa kwanza kuumia walikuwa wakopaji wa FHA, watu wenye yeye mwenyewe aliwafungulia njia. Kwa sababu FHA ilikuwa na riba ya juu yenye kuwekwa na serikali, na soko likiipita, banki zilikataa kukopesha, ao zilimukata muuzishaji feza ya pembeni mbele ya kukubali. Mwaka 1953 ile riba ya juu ikapandishwa mpaka 4,5, na haikuisha kupanda. Serikali iliacha kuiweka mwaka 1983 tu.

Kwa mwenye kutaka kuona riba inafanya nini katika maisha ya mutu, tukamate mukopo wa dola 100.000 wa miaka 30. Mwezi wa 10 mwaka 1981, banki kuu ilipokuwa inapigana na bei, riba ya wastani ilifika 18,63 kwa mia: ni karibu dola 1.559 kwa mwezi. Mwezi wa 1 mwaka 2021, ilishuka mpaka 2,65: dola 403. Mwezi wa 10 mwaka 2023, 7,79: dola 719. Nyumba ni ile ile, deni ni lile lile. Mwenye alikopa 2021 kwa riba yenye haibadilike anaendelea na 403 yake, hata soko lipande namna gani, na ndiyo maana wengi wanakatala kuhama. Banki kuu haiandike ile riba ya nyumba. Yenyewe inapanga riba ya feza ya muda mufupi. Riba ya nyumba inafuata zaidi deni la serikali la miaka 10. Na sisi huku tunaihisi vilevile, sababu mukopo wa banki zetu mara nyingi uko wa dola, na dola bei yake inapangwa kule.

FHA nayo ingali inafanya kazi. Leo mutu analeta 3,5 kwa mia ya bei ya nyumba kama alama yake ya kulipa madeni ni 580 ao zaidi. Kati ya 500 na 579, analeta 10. Asiransi ni 1,75 kwa mia mwanzoni, na kwa mikopo mingi 0,55 kila mwaka. Ni ghali kupita ile ya 1934, na mutu mwenye kuleta 10 kwa mia na zaidi anailipa miaka 11. Mwenye kuleta kidogo, mpaka mwisho wa deni.

Eccles alirudia Utah, kwa biashara ya jamaa. Kompanyi yao ya ujenzi, Utah Construction, yenye ilikuwa kati ya zile sita zilijenga barage ya Hoover, ilikuwa imegeuka ya migodi: makaa ya Australia, chuma ya Peru, mukuba ya Kanada, uranium ya Wyoming. Mwaka 1976 iliunganishwa na General Electric kwa zaidi ya dola miliare 2. Mutoto wa masanduku ya senti 5 alimaliza kazi zake katika migodi. Katika uzee alipinga vita ya Vietnam wazi wazi, wakati wafanya biashara wengi walinyamaza.

Alikufa Salt Lake City tarehe 18 Desemba 1977, na miaka 87. Mwaka 1982 nyumba kubwa ya mawe meupe ya banki kuu kule Washington ilipewa jina lake. Kamati ya riba inakutana mara 8 kwa mwaka.